Mabuti ya Baba Yangu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi katika jarida hili wamepata kuandika habari za safari zao, na za michezo, na za siku ile basi la shule lilipokwama matopeni. Mimi sina safari ya kusimulia. Nilichonacho ni habari ya mabuti mawili ya kazi na mguu mmoja, nayo ni habari niliyoona haya kuieleza kwa muda mrefu, maana ndani yake yumo mtoto mmoja aliyejua jambo akanyamaza, na mtoto huyo ni mimi.

Baba yangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Ameifanya kazi hiyo mjini Tanga tangu kabla sijazaliwa, katika karakana moja ambayo hapana haja ya kuitaja jina. Hutengeneza matela ya magari, mageti na matangi ya maji, na mara nyingine hupelekwa mashambani kuunga mitambo ya mkonge iliyovunjika. Ni mtu mnene kidogo, mpole, asiyependa maneno mengi, na sifa yake kubwa kwa wenzake ilikuwa kwamba hajapata kulala nyumbani kwa ugonjwa. Mwaka 2017 aliambiwa ana kisukari. Alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya jipu lililokataa kupona, wakampima damu, wakamwambia. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze wali na vitu vitamu, na siku ile ile akarudi kazini. Sisi nyumbani tulifahamu kwamba kisukari ni ugonjwa wa chai. Mama akaacha kutia sukari katika birika, kila mtu akawa anajitilia mwenyewe kikombeni, basi tukadhani tumekwisha maliza kazi. Habari ya miguu hakuna aliyeitaja.

Mwezi Oktoba mwaka 2022 karakana iligawa mabuti mapya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kuwakinga na hatari, na mabuti ni katika vifaa hivyo. Msomaji ambaye hajapata kulishika buti la namna hii na alishike siku moja aone uzito wake. Ndani ya ncha yake, mbele ya vidole, mmefichwa kofia ya chuma. Kipimo cha kimataifa cha mabuti hayo chataka kofia hiyo istahimili pigo la jouli 200, yaani kama mtu akiangusha uzito wa kilo 20 kutoka juu kiasi cha mita 1, vidole vilivyo ndani visipondeke. Chataka tena istahimili kubanwa na uzito wa karibu tani 1 na nusu. Soli yake nene, na katika mabuti mengine mna bamba la kuzuia msumari usipenye. Kwa hiyo msidhani kwamba nimeandika habari hii kuyasingizia mabuti. Miaka michache kabla ya hapo mwenzake Baba mmoja aliyekuwa kazini na makatambuga aliangukiwa na kipande cha chuma cha pembe, na Baba ndiye aliyembeba. Tangu siku ile Baba aliyapenda mabuti kama askari apendavyo bunduki yake.

Kasoro ilikuwa moja tu. Baba huvaa namba 8, lakini mguu wake mpana kama kasia. Mabuti yaliyoletwa yalikuwa membamba, na namba 9 zilikuwa zimekwisha chukuliwa na waliofika mapema. Akavaa yale yale ya namba 8, akatembea hatua tatu nne, akasema, "Yatatanuka." Ngozi hutanuka, ni kweli. Chuma hakitanuki.

Nilikuja likizoni mwanzo wa Desemba. Kazi yangu ya jioni, tangu nilipokuwa mdogo, ilikuwa kumvua Baba mabuti akirudi, kuyapangusa, na kuyaweka barazani yapate hewa. Alikuwa akifika ameketi tu kwenye kiti chake cha kamba, namwamkia, "Shikamoo Baba," naye hujibu, "Marahaba, mwanangu," huku amekwisha nyosha mguu. Mwaka ule niliona jambo: mabuti hayakutoka upesi. Nalivuta, likakwama, nikavuta tena. Baba hakukunja uso hata kidogo. Mimi mwenyewe vidole vyangu viliniuma kwa kuvuta, na yeye mwenye mguu ametulia anatazama barabarani kama kwamba mguu ule ni wa jirani.

Siku ya pili au ya tatu niliona soksi yake ya kulia ina doa la kahawia upande wa kidole cha mwisho. Soksi zenyewe zilikuwa nyeusi, doa halikuonekana vizuri. Naliona kwa ubichi wake tu, na kwa kuwa liligandamana na ngozi. Nikamwambia, "Baba, hapa pana damu." Akatazama. Akasema, "Kiatu kipya kinazoeana na mguu. Hakiumi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Usimtie Mama yako wasiwasi."

Basi nikanyamaza. Kwa nini nisinyamaze? Baba amesema hakiumi, na kwetu sote kidonda kisichouma ni kidonda kidogo. Nalikuwa nikiosha soksi mwenyewe kabla Mama hajaziona. Nimehesabu baadaye: siku kumi na moja.

Siku ya saba katika hizo kumi na moja lilitokea jambo lililonishangaza, wala halikunitosha kunifungua kinywa. Nilipokuwa nalikung'uta buti la kulia barazani nilisikia kitu kinagonga ndani. Nikapindua, kikaanguka kipande cha chuma kilichoyeyuka kikaganda, cha ukubwa wa punje ya mahindi, chenye ncha upande mmoja. Ni yale matone yarukayo fundi akichomea. Nikampelekea Baba mkononi. Akacheka, akasema labda kiliingia jana, au juzi. Juzi! Alikuwa amekikanyaga siku mbili, akipanda ngazi na kushuka, asijue. Mimi nikiingiwa na chembe ya mchanga kiatuni katika gwaride la asubuhi siwezi kuufikisha wimbo mwisho.

Siku ya kumi na moja ndipo Mama alipojua, wala hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na pua yake. Alikuwa akipita karibu na kiti akasimama, akainama, akashika mguu wa Baba kwa mikono miwili, akaupeleka penye taa. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi upande wa nje, na kati yake na kile cha pili yake palitoka usaha. Ngozi juu ya unyayo ilikuwa imevimba, nyekundu, na moto. Mama hakupiga kelele. Alinitazama mimi. Nadhani alizikumbuka soksi zilizokuwa zikianikwa mapema mno.

Hospitalini walimlaza usiku ule. Nami nilikuwapo asubuhi yake, alipokuja muuguzi mmoja, dada kijana, na kijiti kidogo chenye uzi mmoja mgumu wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki. Uzi huo umetengenezwa kwa kipimo: ukiubonyeza penye ngozi mpaka ukajipinda, nguvu yake ni gramu 10, si zaidi. Akamwambia Baba, "Fumba macho, baba. Kila ukihisi nimekugusa, sema ndiyo." Baba akafumba macho. Dada akagusa kidole gumba, uzi ukapinda. Baba kimya. Akagusa cha kati, akagusa unyayo chini ya vidole, mahali patatu, akagusa mguu wa pili. Baba kimya. Nikaona uzi ukipinda na kunyoka, ukipinda na kunyoka, na uso wa Baba ukingoja kwa adabu, kama mtu aliyeketi kwa kinyozi. Hata mwisho akasema, macho bado ameyafumba, "Mbona huanzi, binti yangu?"

Yule dada akajibu taratibu, "Nimekwisha, baba."

Sijapata kuona uso wa Baba kama ulivyokuwa alipofumbua macho.

Daktari alitueleza, na baadaye mwalimu wetu wa baiolojia alinifafanulia yaliyokuwa yamenipita. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa ile mirefu kuliko yote, iendayo mpaka vidole vya miguu, ndiyo hutangulia kufa. Mtu huanza kwa ganzi, au kuhisi kama anakanyaga pamba, au miguu kuwaka moto usiku. Wengine hawahisi lo lote, siku zinapita tu. Mishipa hiyo hiyo ndiyo iamrishayo jasho la mguu, basi ngozi hukauka, hupasuka kisiginoni. Ndiyo tena iviongozayo vile vinofu vidogo vya mguu, navyo vikilegea, vidole hujikunja kama makucha ya kuku, na maungio yake huinuka juu. Na juu pana nini ndani ya buti la kazi? Pana kofia ya chuma. Kidole kilichojikunja husuguana nayo hatua kwa hatua, na fundi mwenye kusimama kutwa hatua zake si chache. Tena mguu wa mtu asimamaye huvimba kufikia alasiri. Buti lililoingia vizuri saa moja ya asubuhi huwa pingu saa tisa. Mwenye fahamu zake hulegeza kamba, huketi, hulalamika. Asiye nazo huendelea na kazi, naye husifiwa kwa ustahimilivu.

Juu ya hayo yote mishipa ya damu nayo huziba, hata kidonda kikose chakula, na sukari nyingi hudhoofisha askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Ndiyo maana lengelenge ambalo kwangu lingekauka kwa siku nne lilimwingia Baba mpaka mfupani. Picha ya eksirei ilionyesha hivyo. Mwezi Januari mwaka 2023, mimi nikiwa nimekwisha rudi shuleni, walikata kidole cha mwisho pamoja na kipande cha mfupa kilicho nyuma yake. Walimwambia ana bahati. Mwanzoni niliudhika kwa neno hilo, lakini baadaye nilisoma kwamba katika Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ni tarehe 14 Novemba, mwaka 2005 watu waliadhimisha kwa kuieleza dunia kwamba kila sekunde 30 mahali fulani mguu wa mtu hukatwa kwa sababu ya kisukari. Mguu, si kidole.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo la maumivu, kwani ndilo lililonigeuza mawazo. Alikuwapo daktari mmoja mpasuaji, jina lake Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na wazazi Waingereza, akarudi India mwaka 1946 kufanya kazi katika hospitali ya Vellore. Huko aliwatazama wagonjwa wa ukoma. Watu wote waliamini kwamba ukoma huozesha vidole mpaka vikaanguka vyenyewe. Brand alifuatilia kila jeraha, akaona si hivyo: wagonjwa walijiunguza kwa sufuria, walikanyaga misumari, waligeuza funguo ngumu mpaka nyama ikachanika, na usiku waliguguniwa na panya, yote hayo wasihisi. Ugonjwa ulikuwa umeondoa maumivu tu. Mengine yalifanywa na maisha ya kila siku. Vidonda vya nyayo alivifungia ndani ya plasta, kama mfupa uliovunjika, ili visikanyagwe ovyo, vikapona. Mwaka 1966 alihamia Carville katika jimbo la Louisiana, Marekani, na huko akaona miguu ya wenye kisukari inaharibika kwa njia ile ile.

Habari ya panya niliidhani ya India ya zamani. Kumbe Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari wa nchi yetu hii hii ya Tanzania walioguguniwa miguu na panya wamelala. Nilipomsomea Mama aliweka kitabu cha hesabu za duka chini, akaenda kuziba tundu la mlango wa uani kwa bati. Bati hilo lipo mpaka leo.

Mtaona basi kwamba Baba alipoambiwa asikanyage kwa mguu wa kulia mpaka kidonda kifunge, aliambiwa jambo gumu kuliko linavyosikika. Wewe na mimi tukiwa na kidonda unyayoni huchechemea bila kufundishwa. Baba hakuwa na cho chote cha kumchechemesha. Alisahau mara kumi kwa siku. Magongo yaliegemezwa ukutani, naye kafika mlangoni kwa miguu yake miwili, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la nne, akimpigia kelele kama mwalimu wa zamu: "Baba! Mguu!" Kidonda kilichukua miezi mitatu na zaidi. Elimu ya sekondari ya serikali mpaka Kidato cha Nne haina ada tangu mwaka 2016, lakini nauli na madaftari na sabuni havikuletwa na mtu, na Mama ndiye aliyevilipa kwa kuuza maandazi alfajiri.

Mwisho wa Aprili kidonda kilifunga, na hapo ndipo nilipodhani habari imekwisha. Lahaula! Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Baba alikwenda karakana amevaa viatu vya wazi, vya ngozi laini, alivyoshauriwa hospitalini. Msimamizi akamlaki vizuri, akamshika mikono, kisha akamwonyesha ubao langoni: hapana kuingia bila mabuti. Msimamizi yule si mtu mbaya. Alisema, "Mzee wangu, kikikuangukia chuma humu, nitasema nini mbele ya wakaguzi, na nitasema nini mbele ya mke wako?" Alisema kweli. Na hospitali waliosema asivae tena buti lile walisema kweli vile vile. Baba alikaa kati ya kweli mbili, na kweli zote mbili zilimtaka akae nyumbani.

Shauri zilikuwa nyingi, kama ilivyo desturi. Mmoja alisema fundi viatu atoboe buti ubavuni, kidole kipumue. Baba mwenyewe alikataa, maana buti lililotobolewa si kinga tena, ni mapambo. Mwingine alimletea sponji la godoro aliloukata kwa umbo la unyayo, alitie ndani liwe laini. Hili tulilijaribu, nasi tukajuta: sponji liliinua mguu juu, vidole vikafika kwenye chuma, na baada ya saa moja ya kutembea uani palikuwa na alama nyekundu juu ya kidole gumba. Baadaye nimesoma kwamba Ujerumani wameliwekea kanuni jambo hili. Huko mfanyakazi haruhusiwi kutia soli yo yote ya ndani apendayo katika buti la kazi. Soli ya mwenye mguu mgonjwa lazima iwe imepimwa pamoja na buti lenyewe, kwa sababu yaweza kupunguza nafasi iliyo chini ya kofia ya chuma. Yataka buti refu la kina tangu mwanzo, ndipo soli nene ipate mahali pa kukaa.

Yule dada muuguzi ndiye aliyetupa njia, wala haikuwa ya gharama. Alisema mguu upimwe jioni, mtu amesimama, miguu yote miwili, maana haifanani. Nikamsimamisha Baba juu ya boksi gumu la katoni, nikazungusha kalamu pembeni mwa kila unyayo, nikakata. Kipande hicho cha katoni mtu hukiingiza katika kiatu dukani kabla ya kununua: kikijikunja pembeni, kiatu hicho si chake, hata muuzaji aape. Nilikiingiza katika lile buti la zamani, kwa kutaka kujua tu. Kilijikunja pande zote mbili kama jani la mgomba penye moto. Tulikitazama na Baba kwa muda, hapana aliyesema neno.

Msimamizi alikichukua kile kipande cha katoni akaenda nacho ofisini. Ofisi ilisita, ikasema mabuti hununuliwa kwa jumla, si kwa mguu wa mtu mmoja. Baba akawekwa stoo, kugawa vifaa kwa dirisha, kwa mshahara wake bila malipo ya saa za ziada, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakitushibisha. Akakaa humo mpaka Septemba mwaka ule wa 2023. Hatima yake ofisi ililipa nusu, Baba akalipa nusu, yakaagizwa Dar es Salaam mabuti mapana, yenye kina, na kofia yake si ya chuma bali ya plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi, nyepesi, lakini yenye kupita kipimo kile kile cha jouli 200. Ndani yana bitana laini lisilo mshono penye vidole. Hakuyavaa kutwa mara moja. Siku ya kwanza saa moja, akavua, tukatazama. Siku ya pili saa mbili, akavua, tukatazama. Soksi sasa ni nyeupe. Zachafuka upesi, Mama hunung'unika, lakini juu ya soksi nyeupe damu haina pa kujificha.

Sasa kila asubuhi, kabla hajaingia langoni, huketi juu ya kreti, hupindua kila buti, huligonga mara mbili sakafuni, hutia mkono ndani mpaka mwisho na kupapasa. Mwanzoni wenzake walimtania kwamba anatafuta fedha. Siku moja fundi kijana alicheka, akapindua la kwake kwa mzaha, likatoka skrubu.

Lipo jambo moja nililojifunza nami ambalo yeyote asomaye habari hii aweza kulifanya leo usiku. Mwaka 2011 madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walitangaza kipimo kisichotaka chombo cho chote. Mtu hufumba macho. Wewe humgusa kwa ncha ya kidole chako, polepole kama unyoya, kwa sekunde moja au mbili, penye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili: sita jumla. Usibonyeze, usipapase, wala usirudie. Asipovihisi viwili au zaidi, fahamu za miguu yake zimepungua, na aende akapimwe. Kwa Baba mguu wa kulia una mahali pawili tu pa kugusa, naye huniambia, "Ruka hapo, hapo hapana mtu."

Likizo ya Juni mwaka 2024 walikuja wenzake sita siku ya Jumapili. Baba aliniita niwaonyeshe. Naliona aibu kushika miguu ya watu wazima, nikasema, "Naniwieni radhi, wazee wangu," wakavua viatu kwa vicheko vingi. Watano walihisi vyote. Wa sita, mtu mzima kuliko wote, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto, alihisi viwili tu. Akasema ni baridi ya sakafu ya saruji, miaka mingi, si kitu, tena haiumi. Akaanza kuvaa soksi yake. Wengine wakacheka. Hapo Baba, ambaye hakuwa amesema neno, alivua soksi yake ya kulia akauweka mguu wake juu ya mkeka, mbele ya yule mzee, akaendelea kunywa chai. Kicheko kiliisha. Jumatatu yule mzee aliomba ruhusa kazini. Sukari yake ilikuwa juu, naye hakuwa amepimwa hata mara moja maishani mwake. Yule dada muuguzi alinionya hata hivyo nisijifanye daktari: ganzi huletwa na mengi, na kisukari ni moja tu, kazi yangu ni kugusa na kumpeleka mtu kwa wenye kujua.

Mimi nikiwa shuleni, anayemtazama Baba miguu kila jioni ni mdogo wangu. Ana kioo kidogo cha kutazamia chini ya unyayo, na daftari la mistari alilolichora majedwali kwa rula: tarehe, kulia, kushoto. Kurasa nyingi zimeandikwa "Hakuna," "Hakuna," "Hakuna," kwa mwandiko wake wa kubana. Niliporudi Desemba nililifunua. Kati ya Oktoba pana ukurasa ulioandikwa hivi: "Kisigino cha kulia, pameiva pekundu, pana moto. Baba amesema nisimwambie Mama. Nimemwambia Mama."